Nyumba ya Ndovu

Kila mtu alikuwa na taa chini ya ngozi ya kifua, iwakayo yenyewe timu ya moyo wake inapofunga. Sheria ni nyumba moja, timu moja. Anayewakia timu nyingine hufukuzwa.

"Sisi Ndovu hatuozeshi kwa Chui," Mama alisema, akairudisha posa ya Hamduni. Siwema, bintiye, alilia mpaka akachoka.

Timu hizo zikikutana, Mama hujifungia jikoni, eti ana presha. Leo goti limevimba, akabaki sebuleni.

Chui wakafunga. Mwanga ukapenya kanga ya Mama.

Siwema aliganda. Baba, akimtukana refa, alianza kugeuka.

"Nikumbatie, mwanangu!" Mama akamwambia Siwema.

Siwema akamkumbatia, akauziba mwanga.

"Na Hamduni, Mama?" akamnong'oneza.

Mama akamkaza zaidi kifuani.