Wajane wa Sura ya Kwanza

Saloma Hostetler alirudisha vitabu vitano kwa mpigo, na hakuna hata kimoja alichokisoma kupita sura ya kwanza.

"Na mwisho wake je?" aliuliza mkutubi, Lorna Gebhardt, akivipokea kwa ncha za vidole kama mtu aliyekabidhiwa nepi.

"Sikufika huko, mama. Kazi nyingi."

Lorna alikuwa ameitunza maktaba ya kijiji kimoja cha Ohio, Marekani, mpaka nywele zikageuka mvi, na humo ndani hakudharau kitu kama rafu ya dirishani: riwaya za Kikristo za kutia moyo, hasa zile za Waamishi, Wakristo wa mashambani wanaokataa magari, umeme na talaka. Majalada yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Msichana wa kofia nyeupe, shamba la ngano, machozi yasiyochuruzisha kamasi. Ndani mlikuwa na sala, mikate, na mjane kijana anayependwa na jirani mpole. Waandishi wenyewe walikuwa wanawake wa mjini ambao farasi akiwapigia chafya wangezimia.

Wasomaji aliwadharau zaidi. Walikuja kwa magari kutoka mbali, wakalia kidogo, wakanunua jemu, wakarudi kwenye televisheni zao. Lakini hao angalau walikuwa na udhuru wa kutojua. Saloma alikuwa Mwamishi hasa: gauni lake la kijivu, kofia yake, kigari chake cha farasi kimefungwa nje. Maisha hayo anayaishi, kisha anakuja kuazima uongo wake!

"Sijapata kuona samaki anayenunua picha ya maji," Lorna alimchokoza. "Haya, leo unataka vya namna gani?"

"Vya wajane, kama kawaida."

"Vyote ni vya wajane, mwanangu. Hawa waandishi humwua mume wa kwanza kabla kahawa haijapoa, ili nafasi ipatikane."

Saloma alitabasamu kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, kwa hiyo alivichambua vitabu kwa wa kushoto.

"Umefanya nini tena?" Lorna aliuliza.

"Ng'ombe."

"Yuleyule wa Pasaka? Si mmuuze!"

"Huyu hauziki, mama. Nikishapewa, nimepewa."

Lorna alitikisa kichwa. Watu hawa! Hata ng'ombe mkorofi wanamfanya amri ya Mungu.

Saloma alifungua kitabu kimoja. "Humu mume anaanguka kwenye ngazi akipaka ghala rangi. Inawezekana?"

"Ngazi fupi vile? Mwanamume mzima atavunjika mguu, basi. Halafu atalala kitandani msimu mzima akikuamrisha. Upuuzi!"

"Na hiki? Anapigwa na radi."

"Radi haiji kwa kuitwa."

"Na hiki? Anakula uyoga wa msituni."

"Eti! Na mkewe, aliyekula chungu hichohicho, anaamka mzima. Polisi gani asiyeuliza? Hawa hawafikiri, mwanangu. Mkono mmoja unaandika, mwingine umeshika biskuti."

Saloma alikifunga kitabu polepole. "Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyepatia?"

Aliuliza kwa uso ulionyong'onyea hata Lorna, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumsikiliza, akaona ni wajibu wake kumwelimisha.

"Hakuna. Mimi ni binti wa mkulima, najua shamba linavyoua. Shimo la samadi, lile la nyuma ya zizi. Siku za joto hewa yake haina mzaha. Mtu akishuka mle, anazima kabla hajaita mama. Mjomba wangu alifuata ndoo tu. Tulizika, tukala, tukatawanyika, na hakuna aliyeuliza swali. Lakini nani ataweka samadi kwenye jalada?"

"Haipendezi," Saloma alikubali.

Siku hiyo aliondoka mikono mitupu. Lorna alimtazama kupitia dirishani akipanda kigari chake, akajisikia kama mhubiri aliyeokoa roho. Mmoja amepona ugonjwa wa upumbavu, wamebaki wengine.

Joto la Julai lilipopamba moto, habari zilienea kijijini. Atlee Hostetler, mume wa Saloma, amekutwa ndani ya shimo la samadi. Alishuka kufuata kofia yake ya Jumapili. Sherifu, mkuu wa polisi wa huko, alifika, akasema pole, akanywa kahawa, akaenda zake. Waombolezaji walijaa mpaka barabarani.

Lorna alikosa usingizi. Hakuwa mtu wa kuamini mikosi, lakini maneno yake yalimrudia kila alipofumba macho. Alilitaja shimo lile kwa dhihaka, mbele ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa hai, kana kwamba aliliita kwa mdomo wake mwenyewe. Dharau yote ikamtoka.

Saloma aliporudi maktaba, amevaa nyeusi toka juu hadi chini, Lorna alitoka nyuma ya meza na kumshika mikono yote miwili. Kitambaa kilikuwa kimeshaondolewa.

"Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu huu mchafu! Nilisema ovyo, sikujua nasema nini."

"Usilie, mama Lorna. Ulisema vizuri sana."

Kisha Saloma aligeukia mlangoni na kumwita mtu. Akaingia mwanamke mdogo kuliko yeye, wa kofia nyeupe, jicho moja limevimba na kufumba kabisa.

"Huyu ni mdogo wangu, Verna," alisema Saloma, akimvutia kiti. "Kwa mumewe wanafuga kuku tu, hawana shimo. Naye mweleze waandishi wanapokosea."