Alipoishia Baba

Hakuna aliyemtarajia. Mwanamke mgeni aliingia gereji akiendesha pikipiki ya zamani, akazima injini.

"Shikamoo, fundi. Mita imekufa, haihesabu tena kilomita."

"Marahaba, mwanangu. Lete ufunguo."

Kwa Fundi Shambe, ufunguo ukishatundikwa msumarini, pikipiki haiondoki na ugonjwa wake. Aliutundika kwanza, ndipo akaifungua mita. Gia ndogo ya plastiki ilikuwa imesagika, na kiwanda kiliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita.

"Nikufungie mita ya aina nyingine?"

"Hapana, baba. Namba hizi ni safari za marehemu baba yangu, alipokuwa akipeleka chanjo vijijini. Sasa kazi ni yangu. Nataka nianzie alipoishia."

Shambe aliutazama msumari, kisha akaigeukia pikipiki yake mwenyewe, pacha wa ile, anayoipangusa kila asubuhi kabla ya chai.

Mkewe, Nyamvula, aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni, akaangua kicheko. "Utaifungua hiyo? Mimi hata kuiegemea nakatazwa!"

"Ufunguo nimeshautundika, mke wangu."

Akaitoa gia ya mita yake taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, akaifunga kwenye mita ya mgeni. Mwanamke akazunguka uwanja mara moja. Namba ya mwisho ikajiviringisha, naye akarudi akilia na kucheka.

Jioni Shambe alimpakia mkewe kwenda nyumbani. Mshale wa mita yake ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Tunakwenda kasi gani?" Nyamvula alimuuliza sikioni.

Shambe akaongeza mwendo kidogo, na kanga ya mkewe ikajaa upepo.