Bahasha ya Kampire

Bahasha ilikuwa imezibwa kwa plasta ya kidonda, na Mzee Sebahire alijua kwamba iliyofungiwa humo ndani ni aibu yake.

"Aliniachia mwaka juzi," Mchungaji Projest alimnong'oneza kando ya jeneza, "ile wiki ulipougua sana. Akasema isomwe mazishini, isifunguliwe kabla. Wa kusoma wasifu ni wewe, mzee wangu."

Sebahire aliikumbuka wiki ile. Ilikuwa malaria tu, lakini yeye kila akipata homa huaga dunia. Aliita watoto, akagawa shamba, akachagua hata mgomba wa kuzikwa karibu nao. Mkewe Kampire alikaa pembeni ya kitanda akiandika kwenye daftari la kwaya, naye mgonjwa akilalamika kwamba uji hauna sukari. Siku ya nne akaomba ndizi na maharage. Kijiji kizima cha Rugera kilimcheka mpaka Pasaka.

Na sasa kaburi limechimbwa palepale penye mgomba wake, lakini anayelazwa humo ni Kampire, ambaye hakuwahi kuumwa hata jino. Moyo ulimuuma Sebahire, tena kwa aibu. Hata kufa, kazi pekee aliyoifanyia mazoezi, mkewe amemtangulia.

Waombolezaji wakatulia chini ya turubai. Wote walimjua marehemu: mama wa watoto watano, sauti ya pili kwenye kwaya, mwanamke aliyelima vibarua mpaka Songambele na bado Jumapili akawahi kufagia kanisa. Zaidi ya yote, walijua hasemi uongo, hata ule wa kufariji wafiwa. Kwenye mazishi ya Nsanzimana, wasifu uliposema marehemu hakugusa pombe, Kampire alisimama. "Aligusa," alisema. "Tumwombee hivyohivyo."

Mtu wa namna hiyo angeachaje kumtaja mumewe? Angeeleza nani alilima na nani alilala kivulini akisingizia presha. Hayo yalivumilika, kwani kila mtu aliyajua. Tatizo lilikuwa mbuzi.

Mwaka mmoja kabla ya homa ile, Sebahire alitumwa kumpeleka kanisani mbuzi wa sadaka ya mavuno. Akapitia mjini Omurushaka kusalimia marafiki, na mbuzi akaishia juu ya mkaa. Aliwatangazia waumini kwamba ameibiwa njiani, na kwa kuwa ni mume wa Kampire, wakamwamini, wakamwombea mwizi. Kampire alilifua shati la mumewe lililojaa mafuta ya nyama, asiseme neno. Kisha akaenda vibarua msimu mzima, akapeleka mbuzi mwingine.

Leo, mbele ya waumini walewale, neno lile lingesemwa.

"Baba, soma," Benitha, binti yake mkubwa, alimhimiza.

Sebahire alitamani homa. Homa haikuja. Akabandua plasta, akakunjua karatasi, akafungua kinywa. Akaurudia mstari wa kwanza kwa macho.

"Wasifu wa marehemu Sebahire, mume wangu mpenzi," Kampire alikuwa ameandika. "Alikuwa mchapakazi. Na yule mbuzi wa mavuno aliibiwa kweli, mimi mkewe nashuhudia."