Sauti ya Mheshimiwa

Kazi ya mkalimani ilikuwa na sheria moja: msemaji akisema "mimi", naye anasema "mimi".

Mdahalo wa kura ya uhuru ulikuwa umepamba moto. Nusu ya ukumbi, wale wasiojua lugha ya Mheshimiwa, walimsikia kupitia vipokea sauti masikioni, kwa sauti ya mkalimani, mwanamke aliyeketi kwenye kibanda cha vioo.

"Tukijitawala, wageni wasiwe na hofu," alisema Mheshimiwa, saa yake ya dhahabu ikigonga meza.

Akatafsiri. Wageni! Watu wa lugha yake, waliozaliwa hapa, wakazika wafu wao hapa.

"Mimi nilipokuwa mkuu wa hospitali," Mheshimiwa akaendelea, uso mkavu, "sikumfukuza mtu kwa sababu ya lugha yake."

Mkalimani akaikodolea macho ile saa ya dhahabu. Saa ile ile iligonga meza hivyo hivyo siku mama yake, muuguzi wa miaka ishirini, alipopewa dakika kumi arudishe sare. Aliivulia koridoni, mbele ya wagonjwa wake, akarudi nyumbani amejifunga shuka la wodi.

"Tafsiri, dada," mwenzake kibandani alimnong'oneza. "Watu wanasubiri."

"Si natafsiri?"

Akavuta maikrofoni mpaka ikamgusa midomo.

"Mimi," alisema polepole, "nilimfukuza muuguzi wa wodi ya wazazi kwa sababu ya lugha yake. Nilimvua sare koridoni. Na leo nawaomba kura."

Mwenzake akarukia swichi. Alichelewa.

Kule mbele Mheshimiwa alikuwa anatabasamu, akidhani nusu ya ukumbi imesimama kumpigia makofi.