Bakuli Tupu

Wanawake wa jumuiya walisoma habari za mjane aliyeambiwa na nabii aende kuazima vyombo vitupu kwa majirani, wakaimba, wakaagana. Roda alibaki ameishika Biblia. Yule mjane angalau alikuwa na mafuta kidogo ya kumimina. Yeye jiko lake halikuwashwa tangu jana, na hakuna aliyejua.

Hata hivyo alijitanda khanga, akabisha kwa jirani yake.

“Niazime bakuli, Mama Tunu. Tupu tu.”

Mama Tunu aliinamisha kichwa. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la bati la bluu.

“Kama umelifuata bakuli lako ungesema tu,” alisema. “Uliniletea maharage nilipofiwa. Tangu siku ile nakukwepa. Ningelirudishaje tupu?”

Roda hata hakulikumbuka bakuli hilo. Alitaka kusema hakulijia, lakini mwenzake alikuwa ameshageuka nalo. Huko ndani kijiko kilikwaruza kopo, kikakwaruza tena, kisha kopo likagongwa kitako. Bakuli lilirudi na unga, haukufika nusu.

“Mungu akubariki,” Roda alisema.

Mlango ulifungwa. Roda alisimama kati ya nyumba mbili, amelifunika bakuli kwa upindo wa khanga, upepo usiupeperushe unga. Kwake watoto walikuwa wakimwita. Na nyuma yake, ndani ya mlango ule, mtoto Tunu naye akaanza kulia.