Namsifu Ameacha Fizikia

Ukiacha somo kidato cha tano, shule inakufutia kichwani yote uliyosoma, ili somo jipya lipate nafasi. Ndivyo ilivyo tangu enzi zetu. Binti yangu Namsifu aliacha Fizikia asubuhi, jioni akarudi nyumbani anacheka, anataka chai.

Alikunywa huku akitazama picha za ukutani. "Mama, huyu kaka ni nani?"

"Usinitanie. Si Elinami?"

"Elinami yupi?"

Kaka yake. Ndiye aliyemfundisha Fizikia, mezani hapa hapa, kwa betri za tochi na nyaya, mpaka ajali ilipomchukua mwaka jana. Tangu msiba Namsifu alikuwa halali, kutwa kulia. Sasa anatafuna mkate kwa raha zake. Nikamkazia macho. Shule ndiyo imepitiliza, au mwenyewe alichagua kuliacha somo hilo makusudi?

"Na huyu je?" Alionyesha kijana kwenye picha ya kipaimara changu.

Nikamjibu kama mama yangu alivyonijibu siku zote: ni msaidizi wa mpiga picha. Kisha nikasogea karibu. Kijana yule amenishika bega, na pua yake ni hii hii yangu.

Mimi niliacha Kemia.