Wimbo wa Kutwanga Bungeni

Sikudhani alikuwa akitwanga pilipili manga sokoni redio ilipomtaja mdogo wake. Mchi ukabaki hewani.

"Leo bubu wetu atasema?" akauliza Mwajabu, muuza nazi, na wenzake wakacheka.

Mwaka wa nne sasa Mheshimiwa Farjala yuko Bungeni, na katika taarifa rasmi za Bunge halijaandikwa neno lake hata moja. Watu walidai anakwenda kulala. Sikudhani peke yake ndiye aliyejua kwamba anaogopa kigugumizi chake.

"Mhe... Mhe... Mheshimiwa Sp... Sp..." Redioni wabunge wakaanza kucheka.

"Imba, mdogo wangu," Sikudhani akanong'ona. "Imba kama tulivyokuwa tukitwanga na mama."

Bila kufikiri akaushusha mchi kinuni. Puu. Puu. Huko mbali, kana kwamba amemsikia, Farjala akavuta pumzi na kuimba, wala hakukwama popote:

"Twanga dada twanga, maji yako mbali! Spika tupe bomba, shingo zatuuma!"

"Zatuuma, mama, zatuuma!" Mwajabu akaitikia kabla hajajijua, na soko zima likamfuata.

Spika akadai utaratibu, lakini nani wa kumsikia? Wabunge walikwishaanza kupiga meza, kama wafanyavyo neno likiwakuna, na kishindo chao kikaenda sawa na mchi wa Sikudhani. Naye hakuacha kutwanga, ingawa pilipili ilikwisha kuwa vumbi, na soko zima lilikuwa likiimba huku likipiga chafya.